Bi Taipu Aliyekatazwa Kusahihisha

Ukifika kwenye baraza ya ofisi ya ardhi asubuhi, utamsikia kabla hujamwona. Taka-taka-taka, kisha kengele, tiii, kisha kishindo cha chuma kinachorudishwa mwanzo wa mstari. Huyo ndiye Bi Taipu. Jina alilopewa na wazazi wake analo, tena zuri, lakini hata mwanawe wa kumzaa akija kumtafuta huuliza, "Bi Taipu yupo?"

Meza yake iko kati ya nguzo na dirisha la karani. Juu yake kuna taipureta nyeusi yenye umri mkubwa kuliko makarani wengi wa mle ndani, kopo la kalamu na kitambaa cha kufutia vumbi. Mbele kuna kiti cha mteja, na pembeni kuna benchi. Hilo benchi ndilo kituo changu. Nilikuwa tarishi wa ofisi hii, na nilipostaafu miguu haikupata taarifa. Kukipambazuka inanileta yenyewe. Benchi lina mguu mmoja mfupi, ukikaa upande wake bila kujua linakuinamisha kama unasalimia wakwe. Nimewaambia walitie kipande cha mbao, wanasema wataliangalia. Lakini sikukusudia kuzungumzia benchi.

Kazi ya Bi Taipu ni kuwaandikia watu barua. Mtu anakuja na shida yake imevurugika kichwani, anaimwaga pale mezani, na vidole vya yule mama vinaipanga. Ukisahau tarehe, anaitia. Ukisema jambo mara mbili, anaacha moja. Na kabla hujatia sahihi lazima akusomee barua yote, tangu juu mpaka chini, kwa sauti ya kupanda na kushuka kama mtangazaji wa redio. Hakuna barua iliyotoka mezani kwake bila kusomwa. Hata uwe na haraka ya kuzima moto, utakaa usomewe.

Siku moja alikuja bwana mmoja, povu limemjaa, anataka kumwandikia kaka yake juu ya mpaka wa shamba.

"Andika," akasema. "Wewe mwizi, mtoto wa mwizi."

Bi Taipu akamtazama kwa juu ya miwani. "Baba yenu si mmoja?"

"Mmoja."

"Basi umeshajitukana mwenyewe. Tunaandika: Ndugu yangu mpendwa."

Yule bwana alinung'unika, lakini akatia sahihi. Ndivyo alivyokuwa Bi Taipu. Kosa likipita mbele yake, mkono unalinyoosha kabla kichwa hakijaulizwa. Watu wote tuliisifu tabia hiyo, mpaka ilipotaka kumponza mtoto wa watu.

Mtoto mwenyewe ni binti wa fundi bomba. Huyu fundi ametengeneza mabomba ya mtaa mzima, kasoro ya nyumbani kwake. Bomba la bafuni mwake lilikuwa likivuja siku nyingi, sakafu imeota utelezi wa kijani. Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ule wa mtihani mkuu wa kuingilia chuo, na wiki chache kabla ya mtihani wenyewe akateleza pale bafuni akiwahi shule. Akaangukia mkono wa kulia. Ukavunjika kwenye kifundo.

"Nilikuwa nilitengeneze Jumamosi," alisema fundi pale hospitali.

"Jumamosi ipi?" mkewe akamuuliza. "Maana mwaka huu zimeshapita zote ulizoniahidi."

Mkono ukafungwa plasta ngumu kutoka kwenye vidole mpaka kiwiko. Daktari akasema hautafunguliwa kabla ya mtihani. Binti akajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, ukurasa mzima. Baba yake aliutazama ukurasa ule, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena, akatoka nje.

Mwalimu wa taaluma wa shule yao akaja kuwaeleza njia mbili zilizobaki. Njia ya kwanza ni kuahirisha mpaka mwaka ujao. Lakini akiahirisha atafanya kama mtu wa nje, na alama zote alizochuma darasani kwa miaka zinapotea, maana za mtu wa nje hazihesabiwi. Hapo chuo cha uuguzi alichokiomba akisahau. Njia ya pili ni kuwekewa mwandishi. Yeye atasema, mtu mwingine ataandika. Ila mwandishi asiwe ndugu, asiwe mwalimu, asiwe mtu aliyewahi kusoma masomo hayo. Na aandike kile tu anachoambiwa. Akiongeza, akipunguza, akitoa hata ishara ya jicho, karatasi yote inafutwa.

"Namjua mtu," fundi akasema. "Anaandika haraka kuliko mimi ninavyosema."

Ndivyo mwalimu alivyokuja barazani kwetu. Akavuta kiti cha mteja.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Nilitoka shule kabla shule haijanitoa."

"Baiolojia unaijua?"

"Ndiyo nini?"

"Vizuri sana!" mwalimu akasema, na uso ukamkunjuka. Mimi katika umri wangu wote ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anapongezwa kwa kutokujua.

Walianza na mtihani wa majaribio wa jiografia, katika stoo ya maabara, mwalimu akiwa msimamizi. Binti aliteseka. Yeye alikuwa amezoea kufikiri kwa kalamu, aliwahi kuniambia, "Babu, mimi mawazo yangu yanakaa kwenye vidole." Sasa vidole vimefungwa, akawa anafumba macho na kuchora juu ya meza kwa kidole cha kushoto, kisha anasema. Bi Taipu anaandika. Kukawa na swali la shamba: ekari mia moja ni hekta ngapi? Binti akachanganya, badala ya kugawa akazidisha. Akasema, "Hekta mia mbili arobaini na saba."

Mwalimu alipoichukua karatasi akakuta imeandikwa: hekta arobaini.

Akaenda nayo dirishani, akaisoma tena. Akarudi.

"Mama, hili jibu ni la nani?"

"La mtoto."

"Mtoto kasema mia mbili arobaini na saba. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Bi Taipu akaitazama ile karatasi kama mtu anayeonyeshwa picha yake aliyopigwa amelala. Hakukumbuka. Maisha yake yote anapiga hati za mashamba, mkono wake hauwezi kuandika kwamba ekari mia ni hekta zaidi ya mia mbili. Umepita wenyewe.

"Leo ni majaribio," mwalimu akasema, polepole, na mimi ninaogopa watu wanaosema polepole. "Siku yenyewe, hapo ungekuwa umemfutia mtihani. Huyu mtoto angetoka pale na mkono uliovunjika na maisha yaliyovunjika."

Bi Taipu alirudi barazani akakaa. Mteja wa kwanza akaja, akamwambia arudi kesho. Sijawahi kumsikia akisema maneno hayo.

"Nimwambie fundi atafute mwingine?" akaniuliza.

"Yuko nani mwingine?"

Alijua hayuko. Anayeandika haraka na vizuri kwa kawaida amesoma, na aliyesoma hatakiwi.

Basi ikawa kila alasiri ofisi ikifungwa, binti anakuja barazani wanafanya mazoezi. Mimi wakanipa kazi ya usimamizi. Nilipewa rula, nikaambiwa nitembee nyuma yao bila kucheka. Zoezi la kwanza alilibuni binti mwenyewe: kumsemea Bi Taipu uongo mtupu, naye auandike kama ulivyo.

"Andika, shangazi. Jua huchomoza magharibi."

Kalamu ikasimama.

"Shangazi."

"Naandika." Akaandika. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo.

"Samaki huishi juu ya miti na hula nyasi."

"Mwanangu, kweli?"

"Hakuna kuuliza! Msimamizi, ameuliza!"

Nikagonga meza kwa rula. "Mtihani umefutwa," nikasema kwa sauti nzito, na moyoni nikaona raha kidogo, maana tarishi huwa hafuti kitu cha mtu.

Wakaanza upya. Akaandika kwamba ng'ombe ana mabawa, kwamba maji hupanda mlima, kwamba Bi Taipu ana ndevu. Hilo la ndevu aliliandika bila kusita, akasema, "Nimeshawahi kusemwa vibaya zaidi." Tulicheka. Lakini niliona anavyoishika kalamu, kama mtu anayemshika mbwa mkali kwa kamba fupi.

Mkono ulipotulia likatokea jingine. Sheria inamruhusu mtahiniwa kumwambia mwandishi amsomee kilichoandikwa, na binti alilihitaji sana hilo, kwa sababu hakuwa na karatasi mbele yake ya kujikagua. Wakakubaliana kwamba mwisho wa kila mtihani atasema, "Nisomee yote," na Bi Taipu atasoma tangu juu mpaka chini, kama anavyowasomea wateja. Tatizo lilikuwa sauti. Akifika penye jibu zuri sauti inanenepa. Akifika penye kosa analolijua, kama la ekari na hekta, inapungua, inaingia ndani, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya msiba.

"La nne nimekosa," binti akasema siku ya kwanza.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Si umemsikia mwenyewe?"

Nilikuwa nimemsikia. Msimamizi wa kweli naye angesikia. Basi akafundishwa kusoma kavu. Alifanya mazoezi na orodha ya vifaa vya fundi bomba: koki, kiungo, nati, kiungo, koki. Wateja walikuja wakamkuta anasoma koki na nati kwa sauti isiyo na mtu ndani yake, wakaniuliza kwa kunong'ona kama mama anaumwa.

Sasa, masomo yote yale binti aliyarudia kwa kumsemea. Hakuweza kuandika muhtasari, akawa anausema, Bi Taipu anaandika, wanasoma, anasema tena. Mioyo, mapafu, majani, mawe, mito. Mishipa ya damu alikuwa ameishika kwa lugha ya nyumbani kwao.

"Moyo ni pampu, shangazi. Ateri ni bomba la kutoka kwenye pampu. Vena ni bomba la kurudi. Linalotoka lina damu safi, yenye oksijeni. Linalorudi lina damu iliyotumika. Isipokuwa kwenye mapafu, pale mambo yamegeuka. Vena ya mapafu ndiyo inayoleta damu safi moyoni. Hilo ndilo bomba kaidi."

"Kama bomba la bafuni kwenu."

"Hilo si kaidi. Hilo limesahauliwa."

Wakaliita hivyo, bomba kaidi, na kila walipofika hapo walicheka.

Asubuhi moja mtihani umekaribia, nilimkuta Bi Taipu amekaa mbele ya mashine bila kuigusa.

"Mzee wangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "nimeanza kujua."

"Kujua nini?"

"Baiolojia."

Alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. Na kweli ulikuwa ugonjwa. Walimchagua kwa kuwa hajui. Sasa wiki zote za kuandika zimemjaza kichwani yaleyale anayotakiwa asiyajue. Lile la ekari utasema mkono ulizoea. Lakini sasa binti akikosea chochote yeye ataona. Mwenyewe akaenda kumweleza mwalimu. Mwalimu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hakuna muda wa kutafuta mwingine," akasema. "Mama, kujua hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kujua huko kuonekane."

Siku ya mtihani wa baiolojia niliwasindikiza mpaka getini kwa shule. Fundi bomba alikuwepo, na mfuko wake wa vifaa begani, ingawa sikuona bomba la kutengeneza. Nadhani alitaka tu kushika kitu. Wengine waliingia ukumbini, na wale wawili wakaingizwa kwenye ile stoo ya maabara. Yaliyotokea mle ndani wamenisimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapishani.

Msimamizi wao alikuwa mama mmoja kutoka shule nyingine, mwembamba, viatu vyake vya soli ya mpira havina mlio. Aliwatazama kwa zamu.

"Nikiona ishara," akasema, "ya jicho, ya kidole, ya kikohozi, nitaiandika, na karatasi itafutwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu," binti akasema.

"Na wewe?"

Bi Taipu akaitikia kwa kichwa, kisha akaogopa kwamba hata kile kichwa kilikuwa ishara.

Wakaanza. Binti akafumba macho, kidole cha kushoto kinachora mezani, midomo inasema. Alisema vizuri. Majani, mizizi, macho, sikio, yote yakapita kama walivyoyapitisha barazani. Bi Taipu akaandika bila kumtazama mtu, ameyagandisha macho kwenye ncha ya kalamu. Nje kengele ya shule ililia kwa makosa, ikazimwa. Binti akashtuka. Akapoteza mahali alipokuwa, akaomba asomewe swali tena.

Swali lilitaka jina la mshipa unaoleta damu yenye oksijeni kutoka kwenye mapafu mpaka kwenye moyo.

Bi Taipu aliniambia moyo wake uliruka kwa furaha. Bomba kaidi! Hilo hata yeye angelijibu usingizini.

"Ateri ya mapafu," binti akasema.

Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Alisema alihisi herufi ya *v* imeshafika kwenye vidole, inasukuma, kama maji yaliyozibiwa kwenye koki. Akaukaza mkono mpaka bega likamuuma. Akaandika a. Akaandika t. Akaandika ateri ya mapafu, kwa mwandiko mzuri, jibu bovu. Ndilo kosa la kwanza aliloliandika na kuliacha kwa makusudi maisha yake yote, kwa sababu lile la ndevu lilikuwa mchezo.

Wakaendelea. Lakini yeye alikuwa amebaki pale nyuma, kwenye lile swali. Bado palikuwa na tumaini, kwa maana mwishoni atasomewa. Akisomewa atasikia.

"Muda unakaribia," msimamizi akasema.

"Nisomee yote," binti akasema.

Bi Taipu akaanza. Koki, kiungo, nati. Alisoma kavu kweli, binti mwenyewe anasema hajawahi kumsikia amesoma vizuri vile. La kwanza, la pili, majani, mizizi. Kadiri alivyolisogelea lile swali koo lilikuwa linakauka. Na alipolifikia, kabla ya kutamka ateri, akameza mate.

Ni hilo tu. Alimeza mate.

Chumba kilikuwa kimya, na kile kidogo kikasikika. Yule mama wa soli za mpira akainua macho. Akasimama. Hakutoa mlio wowote akitembea, lakini wote wawili walijua amefika nyuma yao, kwa sababu kivuli chake kilianguka juu ya karatasi, na mkononi ana kalamu.

Binti alikuwa amefungua macho. Kidole chake cha kushoto kilichora kitu mezani, mstari wa kwenda, mstari wa kurudi, kikasimama. Bi Taipu akangoja. Anasema alingoja muda wa kutosha kuzeeka.

"Endelea," binti akasema.

Akaendelea. Jibu likabaki vilevile. Muda ukaisha, karatasi ikachukuliwa. Yule msimamizi alikaa akaandika mistari kadhaa kwenye fomu yake, akaikunja.

Bi Taipu alitoka getini kwanza. Alimpita fundi bomba bila salamu, akaja nilipokuwa nimesimama.

"Nimemponza," akasema. "Nimemeza mate."

Sikuelewa, lakini nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Binti akatokea nyuma yake, ameubeba ule mkono wa plasta kama mtoto mchanga.

"Shangazi. Lile la bomba kaidi nimekosa, eh?"

Bi Taipu akafunga mdomo. Mtihani umekwisha, lakini alikuwa bado anaogopa kujibu.

"Najua nimekosa," binti akasema. "Uliposoma nilijua."

"Sasa kwa nini hukulibadilisha? Kwa nini mtoto wewe! Si ungesema vena, ningeandika!"

"Sikujua nimejuaje."

"Unasema nini?"

"Sikujua kama kosa nimelisikia mwenyewe, au nimelisikia kooni mwako. Na yule mama amesimama nyuma yetu. Ningelibadilisha pale, baada ya wewe kumeza vile, angesema umeniambia. Pengine ungekuwa umeniambia kweli." Akavuta pumzi. "Nikaona niache liende lile moja, ibaki karatasi."

Fundi bomba alikuwa amesogea, anamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Bi Taipu akaketi palepale kwenye ukingo wa mtaro, na gauni lake la kazini, akalia. Sijui alilia kwa lipi. Mimi nilitoa leso, nikakuta nimeiacha nyumbani, nikampa kofia.

Lakini wasiwasi haukuishia hapo, maana ile fomu ilikuwa imeandikwa kitu. Mitihani iliyobaki waliifanya, na yule mama wa soli za mpira hakuonekana tena, na hilo nalo likatutia hofu. Miezi ya kungoja matokeo Bi Taipu alikonda. Alikuwa anapiga barua za watu, halafu anasimama katikati ya mstari.

"Unadhani aliandika nini?" ananiuliza.

"Aliandika umeandika vizuri."

"Watu hawaandiki mistari yote ile kumsifu mtu."

Na mimi ndivyo nilivyodhani. Fundi bomba yeye alitengeneza bomba la bafuni. Kisha akatengeneza la jikoni, ambalo lilikuwa zima.

Matokeo yalipotoka, mwalimu wa taaluma alikuja barazani mwenyewe. Tulimwona anavuka uwanja, na hatukuweza kusoma uso wake kwa sababu ya jua. Bi Taipu akasimama. Nikasimama na mimi, upande mbaya wa benchi, likanifuata kidogo.

"Hayakufutwa," mwalimu akasema kabla hajapanda ngazi. Naona alituhurumia. "Amefaulu. Baiolojia haikuwa ya juu kabisa, imepungua kidogo, lakini chuo wamemchukua."

Bi Taipu akakaa.

"Na ile fomu?" akauliza.

"Niliuliza. Msimamizi aliandika kwamba mwandishi alisita mara moja wakati wa kusoma. Lilifunguliwa shauri. Wakaitoa karatasi, wakalitazama lile jibu." Mwalimu akatabasamu. "Wakakuta ni bovu, na halikuguswa. Wakasema huwezi kumshtaki mtu kwa kusaidiwa jibu bovu. Shauri likafungwa."

Bi Taipu akaivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Binti alikuja baada ya siku chache. Plasta ilikuwa imetolewa zamani, mkono umebaki mwembamba kuliko mwenzake, lakini unafanya kazi. Alikuwa na barua ya chuo na alitakiwa kuijibu. Akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Andika, shangazi."

"Mkono si umepona?"

"Umepona. Andika."

Bi Taipu akatia karatasi. Binti akaanza kusema, na alisema kama watoto wanavyosema: ninafurahi kuja, ninafurahi sana, yaani siwezi kusema nilivyofurahi kuja. Niliona vidole vya yule mama vinasita juu ya mashine. Furaha tatu mstari mmoja, na ofisi ya chuo si shangazi wa mtu.

"Nikuandikie hivyo hivyo?" akauliza.

"Hivyo hivyo."

Taka-taka-taka. Akaandika hivyo hivyo. Kisha akaitoa karatasi kwenye mashine, akainyoosha, na kabla ya sahihi akamsomea yote, tangu juu mpaka chini. Alisoma kwa sauti yake mwenyewe. Ilipanda alipotaka ipande, ikashuka alipotaka ishuke, na alipofika kwenye zile furaha tatu ikanenepa mpaka karani akafungua dirisha kutazama kuna nini.